Karatasi Iliyochanwa kwa Kisu

Daktari Hester Brackley alikuwa na msemo wake: kitabu kisichopigwa picha hakipo. Aliusema kwenye mikutano, aliwaambia wageni, na aliusema kwa ladha ya pekee mbele ya wazee wenye mikongojo waliopanda ngazi za maktaba ya kanisa kuu la Aldercombe kuomba waguse tena vitabu walivyovigusa ujanani. "Picha ipo kwenye kompyuta, bwana. Rudi nyumbani, washa moto wako, chemsha chai, utazame." Vitabu vyenyewe, vikishapigwa picha, vilitiwa masandukuni na kupelekwa kaskazini, kwenye mgodi wa chumvi uliokwisha chimbwa, huko chini kusikofika unyevu, panya wala msomaji. Vikishashuka huko, ndiyo basi tena. Hata askofu aje na fimbo yake, ataambiwa atazame picha.

Mzee aliyemchosha kuliko wote alikuwa Profesa Everard Thirkell, mwalimu wake wa zamani. Jicho lake la kulia lilikuwa limezimika, na la kushoto lilikuwa linaona kingo za vitu tu, katikati ukungu. Kila wiki alipiga simu. "Hester, kile kitabu kidogo kimeonekana?" Na kila wiki Hester alimjibu kwa ile sauti laini ambayo Waingereza huitumia wanapotaka kukuua: "Bado, Profesa. Kikionekana wewe utakuwa wa kwanza kujua."

Ugomvi wao ulikuwa juu ya kitabu hicho, kidogo kama kiganja. Kiliitwa Sala za Wanawake Walio Katika Uchungu, na kilichapishwa London miaka karibu mia nne iliyopita, wakati kichwa cha Mfalme Charles kilikuwa bado hakijakatwa, kiko shingoni. Ukurasa wake wa mwanzo ulisema kimeandikwa na Askofu Wendle. Sasa huyo Askofu Wendle hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na dada. Lakini, loo, alijua mgongo wa mzazi unavyokatika usiku wa pili, na alijua mkunga akinyamaza ghafla maana yake nini! Hester, akitumia nakala za maktaba nyingine, aliandika kitabu kinene kueleza askofu aliyajulia wapi: eti kwa kusikiliza waumini. Kitabu hicho ndicho kilichompa jina, nishani, na kiti alichokalia cha msimamizi wa maktaba.

Thirkell akasema si kweli. Akasema ujanani mwake, kwenye maktaba hiyohiyo ya Aldercombe, alikishika kitabu hicho kimefungwa pamoja na mahubiri ya mtu mwingine, na mbele ya ukurasa wa askofu aliona karatasi nyingine iliyochanwa kwa kisu kuanzia chini. Ilikuwa desturi ya wachapishaji wa zama zile. Karatasi ikikutwa na jambo lisilotakiwa, huchanwa kwa kisu ili mfunga vitabu aijue, aikate, aweke mpya mahali pake. Mfunga vitabu wa siku ile alisahau, au alilewa, zikabaki zote mbili. Na ile iliyochanwa ilisema mwandishi si askofu. Ni Thomasin Garle, mjane wa mchapishaji, aliyezaa saba akazika saba. "Wanawake wawaombee wanangu," aliandika, "ambao majina yao ni haya." Hapo karatasi ilikuwa imechanwa na kipande cha chini kimekunjwa kwa ndani. Mtunza maktaba wa siku zile, mtu wa kanuni, alimkataza kijana Thirkell kukikunjua. Aje kesho na ruhusa ya Mkuu wa kanisa. Alipokuja kesho, mafundi walikwisha panda kukarabati paa, vitabu vimefungwa masandukuni, na viliporudi rafuni hakuna aliyejua kile kidogo kimejificha kwenye mahubiri ya nani.

Basi mzee yule alichokitaka duniani kilikuwa hicho: majina ya watoto saba. Miaka zaidi ya arobaini aliyataka, na sasa macho yalikuwa yanamkimbia.

Hester alimjibu gazetini kwa mstari mmoja. Aliandika kwamba Profesa aliuona ukurasa huo mahali ambapo watu huwaona marehemu wao, yaani usingizini. Wasomi wa nchi nzima walicheka mpaka chai ikawapalia. Tangu siku hiyo Thirkell akialikwa mahali, lazima mtu amuulize amelalaje.

Msimwonee huruma upesi, lakini. Alipokuwa mwalimu alikuwa shubiri. Hester alikuja chuoni akiwa binti wa muuza samaki wa Grimsby, na lafudhi ya mji ule wa wavuvi haijamtoka. Kila wiki Thirkell alimwambia mbele ya wenzake: "Simama, Hester. Soma. Kwa sauti." Akisoma neno moja anamkatiza. Akisoma la pili anafumba macho kama anayeumwa jino. "Unasoma kama anayenadi samaki, binti. Rudia." Wenzake walikuwa wanaangua kicheko, naye anarudia. Hakulisahau hata moja kati ya maneno yale.

Kitabu kikaonekana siku ya Jumanne, mvua inanyesha. Mpiga picha wa maktaba, Mwelshi mmoja aliyeitwa Gethin, alikuwa amelaza kitabu cha mahubiri kwenye kitanda chake cha sponji, amekandamiza kurasa kwa ile kamba ya kitambaa iliyojazwa vipande vya madini ya risasi iwe nzito, anafunua na kubonyeza, ukurasa mmojammoja, anafunua na kubonyeza, huku anaongea na vitabu kama kawaida yake.

"Bosi!" akaita. "Hebu njoo. Huyu hapa katikati kachomwa kisu, maskini."

Hester akaja na kikombe chake cha chai, akasimama mbali na meza kama kanuni inavyotaka. Akatazama. Karatasi ilikuwa ileile, imepasuliwa kutoka chini, kipande kimekunjwa kwa ndani, na juu herufi nyeusi za wazi: Mimi Thomasin Garle.

Mwanamke mwingine angepiga kelele kwa furaha. Yeye alikunywa chai funda moja, akameza.

"Nimpige picha?" Gethin akauliza.

"Kanuni inasemaje?"

"Karatasi iliyochanika, kama nyuma yake ipo nyingine nzima ya mahali hapohapo, tunaruka."

"Na nyuma yake ipo?"

"Ipo, ya askofu. Lakini si kazi kubwa, bosi, ni kubonyeza mara moja tu..."

"Gethin," akamkata kauli, "wewe unalipwa kubonyeza, hulipwi kufikiri. Mkeo akijifungua mwezi ujao utataka uwe bado una kazi, au siyo? Vidole vya kubonyeza vimejaa mjini."

Gethin akanywea. Akaifunua karatasi ile, akairuka, akapiga ya askofu. Ile kanuni yenyewe ilikuwa ya kijinga, maana vitabu vya zama zile hata karatasi mbili zinazofanana haziaminiki kuwa zimesema jambo moja, na kila msomi anajua. Lakini aliyeiandika ni Hester, ili kazi iende haraka apate sifa, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Wakati wa chakula Gethin alishuka kula mkate wake na jibini. Hester akabaki. Akasogea mezani. Karatasi ile ilikuwa inashikiliwa na uzi mmoja uliokwisha oza. Aliigusa tu kwa kidole, ikatoka kama jino la mtoto. Akaitia ndani ya gazeti, gazeti ndani ya mkoba, akapanguza meza, akaenda kununua pai.

Jioni, nyumbani kwake, aliwasha jiko la kuni. Alikuwa na mbwa mzee aitwaye Bramble, akamwekea chakula bakulini. Kisha akafungua kijimlango cha kioo cha jiko akaitupia karatasi mle. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, nayo haina haraka ya kuungua. Ilikaa juu ya kaa, ikajikunja, ikapumua. Halafu joto likafanya kile ambacho mtunza maktaba alikikataza: kile kipande cha chini kikakunjuka polepole, chenyewe, kikalala wazi kabisa mbele ya kioo cha jiko, mistari yake ikisomeka kama tangazo. Hester aliona kwamba kimekunjuka. Bramble akabweka, anataka nyongeza. Hester akainama kumwongezea. Alipoinuka hapakuwa na kitu.

Mwisho wa mwezi akampigia mzee simu mwenyewe. "Profesa! Kitabu kimepatikana. Njoo uone."

Mzee alikuja kwa treni ya asubuhi, amevaa tai, amenyoa vibaya kwa kutoona, ana damu kidogo kidevuni. Alileta kioo cha kukuzia, kikubwa kama sahani.

"Kiko wapi?"

"Kimekwisha pelekwa mgodini, Profesa. Kanuni. Lakini picha zote zipo." Akamkalisha mbele ya skrini ndogo kuliko zote ofisini, akapunguza mwanga kwa siri, eti asimuumize macho. Akawa anafunua picha mojamoja, pole kwa pole, huku anammiminia chai na maziwa. "Jalada. Mahubiri ya mwisho ya huyo mwingine, upande wa kulia. Huu upande wa kushoto uko mtupu. Na huu hapa wa kulia ni wa askofu."

"Rudi nyuma."

Akarudi.

"Kati ya mtupu na wa askofu. Ndipo ulipokuwa."

"Hakuna kitu hapo, Profesa. Tazama mwenyewe."

Loo, kumwambia kipofu atazame mwenyewe! Mzee akabandika uso kwenye skrini mpaka pua ikagusa kioo. Akageuza kichwa upande, kwa vile kuona kwake kulikuwa kwa pembeni. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Huu ulio mtupu," akasema, "mbona una kivuli? Kama mistari."

"Unyevu. Paa lilikuwa linavuja, unakumbuka."

"Una hakika?"

"Profesa, ningekuwa na sababu gani ya kukudanganya?"

Mzee akajiegemeza kitini. Akavua tai taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Basi niliota kweli," akasema. "Nimewasumbua watu maisha yangu yote kwa ndoto. Hester, mimi sioni tena. Wewe ndiye macho yangu. Ukisema ni unyevu, ni unyevu." Kisha akamwomba radhi. Alimwomba radhi kwa ubishi, na kwa yale ya darasani pia. Akasema sauti yake ilikuwa nzuri siku zote, yeye ndiye alikuwa mjinga. Machozi yalimtoka jicho lile lisiloona.

Hapo ndipo mwanamke mwenye chembe ya utu angekiri. Hester alivuta kibodi. "Ungependa tuliandike hilo, Profesa? Ili liishe vizuri. Wewe sema, mimi nachapa." Na mzee akasema, Hester akachapa, na wiki ile tamko likatoka gazetini kwamba Profesa Thirkell amefuta madai yake na anamwomba msamaha Daktari Brackley.

Alipokwisha kumsindikiza mlangoni, alirudi akaongeza mwanga wa skrini. Akakuza picha ile ya ukurasa mtupu. Akakuza tena. Haukuwa unyevu. Karatasi iliyochanwa ilikuwa imefungwa kitabuni wino haujakauka vizuri, ikalala uso kwa uso na ule mtupu miaka karibu mia nne, ikauachia maneno yake, kinyumenyume, hafifu, lakini mstari kwa mstari. Na kamera ile, ambayo yeye ndiye aliyeipigania kwenye vikao, kamera bora kuliko zote nchini, ilikuwa imeyanasa.

Angeweza kuyafuta? Thubutu. Kila picha iliyokwisha pokelewa ilihifadhiwa sehemu tatu tofauti, na mashine zilikuwa zinazilinganisha usiku na mchana. Ukigusa hata nukta moja, zinapiga kelele na jina lako linatokea. Utaratibu huo pia aliubuni yeye. Alipewa nishani nyingine kwa ajili yake.

Akajipa moyo. Picha zilikuwa laki kadhaa. Nani angekaa kutazama ukurasa mtupu?

Siku ya kuzindua picha hizo kwa umma, ukumbi wa kanisa ulijaa. Hester mwenyewe ndiye aliyesisitiza Thirkell aalikwe, tena akae mstari wa mbele. Alitaka amsikie akipigiwa makofi. Mkuu wa kanisa, Lionel Pask, mtu mnene mwenye kupenda utani, alipanda jukwaani na glasi ya divai tamu mkononi.

"Nimemwandalia Daktari wetu zawadi," akasema. "Katika picha zote hizi, nimechagua tuanze na kitabu alichokifanya kijulikane. Gethin, tuwekee ule ukurasa wa askofu! Na Profesa wetu yuko hapa, leo yuko macho kabisa." Watu wakacheka. Thirkell akatabasamu na kuinamisha kichwa.

Gethin akabonyeza. Ukuta mzima ukajaa kitabu: kulia jina la Askofu Wendle, kila herufi kama mlango, kushoto ukurasa mtupu, na juu yake, rangi ya chai iliyomwagika, mistari.

Hester akasimama. "Mkuu, pengine tuonyeshe kingine, hiki kina madoa..."

"Ah, kaa, mama, acha unyenyekevu!"

Thirkell alikuwa amesimama naye. Kwa miaka mingi hakuwa amesoma kitu, lakini hakuna aliyewahi kumwekea herufi zinazomzidi kimo. Alikuwa amegeuza kichwa pembeni, mdomo wazi.

"Igeuze," akasema. "Tafadhali. Ule wa kushoto. Igeuze kama mtu anavyojiona kwenye kioo."

"Profesa ameanza kuota tena?" Mkuu akatania, na watu wakacheka tena. Lakini Gethin alimtazama Hester, akamtazama mzee, akageuza.

Kicheko kikakatika palepale.

Thirkell hakupiga kelele. Akamgeukia Hester, au upande alipodhani yupo, na ikatoka ile sauti ya zamani, ya darasani, kavu. "Simama, Hester. Soma. Kwa sauti."

Alikuwa amekwisha simama. Watu wote walimtazama. Na sijui ni kwa nini, labda kwa sababu sauti ile ilikwisha mfundisha mwili wake kutii kabla ya akili, akasoma.

"Mimi Thomasin Garle, mjane, ndiye niliyeziandika sala hizi, wala si mwingine. Nimezaa saba na kuzika saba. Askofu ameomba jina lake liwekwe, nami ni maskini, nimekubali. Lakini nawaomba wanawake watakaozisoma wawaombee wanangu, ambao majina yao ni haya."

Sauti yake ilikuwa ya Grimsby kabisa. Hakuna aliyecheka.

"Endelea," Thirkell akasema.

"Hapo pameishia, Profesa. Chini palikunjwa."

"Kivuli kimeishia. Ukurasa wenyewe uko wapi?"

Gethin akakohoa kutoka kwenye mashine. "Ulikuwepo, bwana. Niliuona. Niliambiwa niuruke."

"Basi uko mgodini!" Mkuu akadakia, anachangamka. "Tutaagiza sanduku! Kesho tu!"

"Haupo," Hester akasema.

"Haupo vipi?"

"Niliuchoma."

Sauti ikapita ukumbini, ya watu kuvuta pumzi. Glasi ya Mkuu ikamwagikia koti. Thirkell peke yake hakushtuka. Alipiga hatua kumwendea, mkono mbele, anapapasa, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo. Palikuwa na shauku, ile ya kijana aliyeambiwa aje kesho, na hilo lilikuwa baya kulitazama.

"Sawa," akasema. "Sawa, umechoma. Lakini wewe ni mwanafunzi wangu. Uliukunjua kwanza. Uliyasoma." Mkono ukampata begani, ukang'ang'ania. "Niambie. Si lazima yote. Jina moja tu, Hester, hata la mdogo wao."

Angeweza kumtajia lolote. Alijua majina ambayo watoto wa zama zile walizoea kupewa, na mzee angelipokea kama alivyoupokea unyevu. Alifungua mdomo atafute moja, na kilichomjia ni kioo cha jiko, mistari imelala wazi, na Bramble anabweka.

"Sikusoma," akasema. "Kilikunjuka chenyewe motoni, mbele yangu. Nilikuwa nampa mbwa chakula."

Mkono wa mzee ukatoka begani. Akapapasa nyuma akitafuta kiti chake, hakukipata, akabaki amesimama. Watu walianza kuondoka mmojammoja bila kuagana. Ukutani maneno yalibaki palepale, majina yao ni haya, mpaka Gethin alipokumbuka kuzima mashine.